Constantin na Meza Sita, Macho Imefungwa

Siku ya kwanza, 10 juin 2024
Bwana yangu amepata wazimu mupya. Siku ya posho, Jumamosi hii, atacheza échecs, ile sataranji, na watu sita kwa mara moja, kitambaa kwa macho, mu salle ya paroisse. Constantin! Mwalimu wa maths mwenye juzi alisahau mutoto wetu kwa kinyozi.

Akanipa histoire yote, chakula inapoa. Najdorf, bingwa mwenye kuzaliwa Pologne, Brésil, 1947: watu makumi ine na tano. Alitaka magazeti yaandike, ndugu zake wa Pologne wasome, wajue iko muzima. Hakuna aliyejibu. Vita ilikuwa imewamaliza. Kisha Constantin akaongeza: kwa 2016 mwingine alicheza na makumi ine na munane, huku anakanyaga vélo isiyoenda popote. Hiyo nikaielewa haraka — njo kazi ya walimu wa hapa!

Siku ya tatu, 12 juin
Anatembea mu nyumba macho imefungwa. Sahani mbili zimevunjika. Nikamusomea kwa téléphone: Warusi walikataza huu muchezo kwa 1930, eti unaharibu akili. "Wivu tu," anasema. Meza sita itakuwa record ya mtaa wetu wa Nguba. Hakuna mwenye amejaribu, basi hata mbili ingekuwa record.

Mimi njo nitamutangazia coups, kila hatua ya wenzake. Juu ya kuwa sijui échecs, siwezi kumusaidia kwa siri.

Siku ya tano, 14 juin
Abbé Gérard, padri wetu, ametangaza: mwenye kumushinda Constantin ataenda kushindana mu tournoi ya Kinshasa. Fabiola, mwanafunzi wake wa darasa la sixième, ameandikwa meza ya tatu. "Huyu nitamumaliza mbele chai haijafika," Constantin anasema.

Siku ya posho, 15 juin
Eh, Mungu wangu.

Meza tano — zote alishinda! Watu wanapiga makofi, hata mimi machozi. Inabaki Fabiola tu. Anasogeza reine, kipande cha malkia, natangaza nafasi yake kwa sikio la Constantin, juu ya kelele ya makofi: "Reine, h3." Constantin akakauka. Jasho, yenye meza tano zingine hazikumutoa.

Hapo mvua, upepo, courant ikakatika, giza. Mutu akakimbilia kufunga fenêtre, akagonga meza ya tatu, chini na kila kitu!

Constantin, kitambaa bado kwa macho, akasema atapanga yote upya kwa kichwa. Akataja kila kipande, watu wanashangaa. Akafika: "Reine ya Fabiola, d7."

"Hapana, papa mwalimu. Ilikuwa h3."

"D7, mutoto yangu."

Fabiola hakulia. Aliniangalia tu. Abbé pia: "Maman Eulalie, wewe njo ulitangaza. Ilikuwa wapi?"

Nikainama kuokota vipande chini. Abbé akasema giza imezidi, nitajibu kesho, misa ya pili ikiisha.

Alisahau kweli? Mutu aliyebeba meza sita mu kichwa, asahau reine moja? Hajaniuliza kitu. Tangu turudi anapiga miluzi. Amemenya ndizi yeye mwenyewe, amekaanga samaki sambaza — miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kuona! Sasa ananiita kwa meza.

Ananiita chérie.