Dawa ya Zuhura Msiingoje

Mdogo wangu Mwanaidi,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua umeninunia. Hujambo? Miguu inasemaje? Huku Ulaya mimi mzima, ila baridi inaingia hadi kwenye fizi. Anayeandika ni mjukuu wangu Zuhura, nimemwambia asipunguze neno. Kwenye simu hunisikilizi. Barua huwezi kuikatiza.

Nasikia mjukuu wako Tatu bado anakojoa damu, na vidonge vya kichocho umevifungia kabatini, eti mnangoja dawa ya Zuhura. Mwanaidi, una akili wewe?

Dawa hiyo ya kabatini ni kaidi, haiyeyuki vizuri tumboni, ndiyo maana kidonge ni kikubwa kama kokwa la tende, na kichungu cha kumtapisha mtoto. Zuhura, huko maabara anakofanya kazi, aliiunganisha na kitu kingine kisicho dawa, viwili vikakaa ndani ya chembe moja inayong'aa kama chumvi ya mawe. Wenyewe wanaiita fuwele. Hiyo inayeyuka upesi, na kidonge kingekuwa kidogo. Aliponionyesha picha nilipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Juzi akarudi mapema, akakaa na koti lake mwilini.

"Wakubwa wameifunga kazi ya ile dawa, Bibi."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Wanasema wanaoihitaji hawana cha kuinunulia."

"Ndio sisi hao?"

Nikamwambia basi iibe, tumpelekee Tatu. Akanikaripia, mimi niliyembeba mgongoni: "Haijaonjwa na mtu hata mmoja, Bibi! Nimlishe mdogo wangu kitu nisichokijua?"

Nikamvua lile koti. Sasa analia huku anaandika. Alie, lakini aandike. Hao waliofunga hawajasikia mtoto akipiga kelele chooni. Matusi ninayo, ila ni ya Kisagara, na hapa hakuna wa kuyaelewa.

Basi kesho mpeleke Tatu zahanati, wampime upya. Dawa watakayompa ale chakula kwanza, umshike, ameze. Akikung'ata, mng'ate. Na kwenye mfereji wa mpunga asitie mguu tena.

Nisalimie shemeji yetu wa Mikumi, muuza vitumbua, na mama yake Tatu, mwambie simlaumu. Yule binamu wa Magomeni anayenitunzia kuku, mwambie nawajua kwa rangi.

Usinijibu kwa salamu wala pole. Nijibu neno moja tu: amemeza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukugombeza,
Bi Hadija