Tabitha Aliniambia

Dada Keji,

Kitabu nilichopewa kanisani kimeniachia mistari mitatu ya kuandika jambo linalonisumbua. Mitatu tu. Nimeandika jina lako kwa mstari wa kwanza, kisha kalamu ikakataa kuendelea. Sasa nimenunua daftari zima hapo dukani na nakuandikia wewe mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye jambo lenyewe.

Habari za nyumbani kwanza. Emma wangu ameanza kusimama. Anashika kitanda chako, ile angareb ya kamba, anajivuta juu, anaanguka, anacheka. Baba yake bado yuko na malori, analala Nesitu siku nyingi kuliko anazolala hapa. Turubai tumelitoa, paa ni mabati sasa. Ungependa. Au sijui kama ungependa. Siku zako za mwisho hukupenda kitu chochote, na mimi sikukuuliza kwa nini.

Tabitha wako yuko salama, anakula, anaenda shule. Lakini kuna uongo niliousema siku tuliyokuzika, na huo uongo umemwangukia yeye. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka asubuhi ile? Labda hukusikia, homa ilikuwa tayari imekuchukua. Nilikuwa nafunga kitambaa kichwani niende kazini, kufua mashuka ya ile hoteli ya mahema kando ya mto. Tabitha akaja mlangoni akasema, "Mama mdogo, mama ana joto." Nikamjibu, "Mama yako kila siku ana kitu." Nikaenda. Nilifua mashuka ya wageni mpaka jua likageuka, na niliporudi ulikuwa huongei tena. Tulikubeba kwa boda boda, mimi nyuma nimekushika. Daktari alisema malaria imepanda kichwani, mngekuja mapema.

Kule Rejaf, baada ya maziko, Baba Mkubwa aliniuliza mbele ya watu wote, "Kiden, ulikuwa unaishi naye nyumba moja. Hukujua?" Nikasema hakuna aliyeniambia. Tabitha alikuwa amekaa chini karibu na miguu yangu. Aliinua macho akaniangalia, halafu akayashusha.

Tangu siku hiyo, Dada, mtoto wako anasema kila kitu mara mbili. "Mama mdogo, maji yameisha. Mama mdogo, maji yameisha." Hata nikiwa nimeshaitika. Anafikiri siku ile hakusema kwa nguvu. Ana miaka tisa na anafikiri mama yake amekufa kwa sababu ya sauti yake ndogo. Na mimi nilijua anafikiri hivyo, nikanyamaza.

Nilirudi kazini, nikafua wiki mbili. Halafu asubuhi moja nikashindwa kuamka. Sikuwa na homa. Mwili tu umekuwa mzito kama blanketi lililolowa, unavuta upande huu, upande ule haufuati. Emma analia, namsikia vizuri, na mkono hauendi. Tabitha alimbeba, akamkorogea uji. Nikiwa nimelala pale ndipo nilipokuona. Wewe ulilala hivyo miezi minne.

Wewe, Keji. Wewe ambaye kule kambini Kenya ulitangulia kwa foleni ya maji wengine wakiwa bado wanaota. Uliyesuka nywele za watu mpaka vidole vikavimba ili mimi nifike darasa la sita. Amani ikaja, tukapanda gari la wanaorudi, unaimba njia nzima, kisha hapa Juba ukaambiwa baba Tabitha alikufa zamani, mwaka uleule tulipovuka mpaka kwenda Kenya. Ulikuwa umemngoja muda huo wote. Ukalala. Na mimi niliyesomeshwa na vidole vyako nikasimama pale kwa bomba na kusema, "Dada yangu amekuwa kaslan, mvivu, amekuja Juba kulala." Wanawake wakacheka. Nilicheka pamoja nao. Najua ulisikia, kwa sababu jioni uliamka ukaosha sufuria zote, hata zilizokuwa safi.

Aliyeniamsha mimi ni Nalongo, yule Mganda wa chapati. Aliona siku ya nne sijapita, akaja na chapati mbili ndani ya gazeti. Akasimama juu yangu akasema, "Wewe iko na kufa polepole na mimi naangalia? Hapana." Akaniambia kuna chumba nyuma ya kanisa, cha watu waliolemewa na huzuni, Alhamisi. Nikamwambia mimi si mwendawazimu. Akasema, "Na mimi je? Mzee yangu alikufa, nilienda. Hakuna sindano. Hakuna kupiga kelele. Mnakaa, mnaongea kidogo, wanakupa kitabu uende kufanya kazi nyumbani. Mimi ilikasirika sana. Nimeacha chapati yangu kuja kupewa homework?" Nilicheka, Dada. Nilicheka na nikaona aibu kwamba nimecheka.

Nilienda nikiwa naogopa. Nilifikiri wataniombea mpaka nianguke, ama wataniuliza habari za vita. Nilimkuta msichana mdogo kuliko mimi, anaitwa Rose, viti viwili vya plastiki, na saa ndogo ya mezani. Aliniambia mapema kila kitu kitakavyokuwa. Yeye si daktari. Tutakutana mara sita, nusu saa kila Alhamisi. Hatanipa dawa na hatanipa jibu. Kitabu kinaonyesha njia, miguu ni yangu, na yeye ataangalia tu nisipotee. Nitakayosema yatabaki humo chumbani, isipokuwa maisha yangu ama ya mtoto yakiwa hatarini. Akaniuliza kama nimewahi kutaka kukufuata. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilisema siku moja, kule mtoni, wazo lilipita, nikaogopa nikakimbia na ndoo. Akasema likirudi nisingoje Alhamisi. Nije siku hiyohiyo, ama nimwite Nalongo alale kwangu. Nalongo alikubali kabla hajaulizwa.

Ukurasa wa pili wa kitabu una picha ya mwanamke amelala, jua liko juu, sufuria imepinduliwa. Chini wameandika kwamba huu si uvivu, ni ugonjwa wa huzuni, na unatibika. Nilisoma pale mara nyingi. Kitabu kilikuwepo Juba hii hii, Dada, nyuma ya kanisa tunalopita kila Jumapili, wakati mimi nakuita mvivu.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila siku natakiwa kuweka alama kwenye uso mmoja: unaocheka, ulionyooka, ama unaolia. Mimi nimesoma Kenya, najua kitabu cha mazoezi ni kitu cha kusahihishwa. Jumatano nikakaa, nikaweka alama wiki nzima kwa kalamu moja, nyuso zote zinacheka. Nikaandika na tarehe vizuri. Rose aliangalia akasema, "Kiden, hata mimi siwezi kucheka siku saba mfululizo kwa Juba hii, na jenereta ya jirani ilivyo." Kisha akaniambia hapa hakuna alama za kupita. Wiki iliyofuata bado nilidanganya, ila kidogo.

Pia nilitakiwa kuchagua kazi moja ndogo ya kufanya kila asubuhi, nikiwa nataka au sitaki. Niliandika kufagia uwanja wote. Rose akakata. "Mlangoni tu." Nikaona ni dharau, mlango ni hatua mbili. Lakini kuna asubuhi hizo hatua mbili zilinitoa jasho. Nilifagia. Baada ya siku kadhaa fagio lilienda lenyewe mpaka kwa mti wa mwarobaini, na nikarudi kazini. Sikwambii nimepona. Rose mwenyewe hasemi hivyo. Nakwambia naamka.

Mara ya nne tulifika ukurasa wa yanayosumbua, ule wenye mistari mitatu. Rose akaona jina lako peke yake pale, akangoja. Hakunisukuma. Saa ile ya mezani ilikuwa inaenda, na mimi nikajua nisiposema leo nitafika mara ya sita nikiwa nimemaliza kitabu na uongo wangu uko palepale, umekaa. Nikasema. Joto lako, kitambaa changu, nilichomjibu mtoto, nilichomjibu Baba Mkubwa. Nilitaka anipige. Ama aniambie si kosa lako, kama watu wanavyosema kwa matanga. Hakufanya hata moja. Alivuta mstari katikati ya karatasi akaniambia upande huu niandike yasiyobadilika, upande ule yanayoweza kubadilika hata kidogo. Kufa kwako nikaandika kushoto. Kukuita kaslan, kushoto. Kuondoka asubuhi ile, kushoto. Upande wa kushoto ulijaa. Kulia liliingia jambo moja peke yake: Tabitha hajui kwamba nilimsikia.

Rose akauliza hatua ya kwanza ni ipi, iwe ndogo. Nikamwambia hii haikatiki kuwa ndogo. Akafikiri, akasema, "Kweli. Basi chagua siku tu."

Nilichagua Jumamosi. Tulikuwa tunafua, Tabitha na mimi, beseni moja. Nikamwambia, "Tabitha, siku ile uliniambia mama ana joto. Nilikusikia. Ulisema vizuri, na sauti ilitosha. Mimi ndiye sikutaka kusikia. Na kule Rejaf nilidanganya."

Aliendelea kusugua kola ya sare yake. Nikafikiri hajaelewa. Halafu akasema, "Kwa hivyo ulisikia." Nikasema nilisikia. Akatoa mikono kwa maji, akaifuta kwa gauni, akaenda kukaa kwa Nalongo mpaka jioni. Nilitaka anikumbatie, Dada, nikwambie ukweli. Nilikuwa nimejitayarisha kukumbatiwa. Siku tatu hakuniongelesha ila kwa habari za Emma. Na bado anarudia maneno mara mbili, sikuondoa hilo kwa siku moja.

Siku ya nne alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama wewe ulivyokuwa unasimama ukitaka kugombana na wagawa posho. Akasema, "Ulisema uongo Babu alipokuuliza mbele ya watu wote. Kwangu umesema ukweli tukiwa wawili. Watu wengi wale bado wanajua uongo."

Nilimpelekea Rose maneno hayo Alhamisi. Akasema huyu mtoto amemaliza kitabu kabla yetu.

Kwa hivyo sikiliza ninachokuahidi. Jumamosi hii wanafanya maombi yako Rejaf, Baba Mkubwa atachinja, watu watakuwa wengi. Tutaenda asubuhi, mimi, Emma na Tabitha. Maombi yakiisha, kabla chakula hakijagawiwa, nitasimama niseme kwamba mtoto huyu aliniambia na mimi nikapuuza. Baba Mkubwa atakasirika, na wengine watasema mengi kuhusu mimi kwa miaka mingi. Ukiona nimekaa chini bila kusema, jua nimekuacha mara ya pili.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja na miguu yangu. Lala vizuri, Dada, na safari hii nikikwambia lala, nasema kwa upendo. Tabitha ameshachagua gauni la kuvaa, lile la bluu, na amesema atakaa mbele kabisa, anataka kuona mdomo wangu nikisema.

Mdogo wako,
Kiden