Mposaji Anayehama Lugha

Ngamiani, Tanga

Dada Asmahani,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya hapo Mkwaja, na mguu umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, ila moyo wangu haujatulia.

Ulinituma nimuulizie huyu Muhanad wa Mabawa kabla hujawapa wazee wake jibu la posa ya binti yangu Nihal. Nimemuulizia. Swala hazimpiti, ugomvi hana. Hapo ndipo wasiwasi uliponianza, maana kijana asiye na dosari hata moja ana lake jambo!

Kazi yake ni kuandika programu za mtandaoni, zile zinazofunguka kwenye kivinjari cha simu. Nikamuuliza kama kazi hiyo ina kesho. Akanijibu bila haya kwamba lugha ya kompyuta aliyoizoea, JavaScript, haimtoshi tena, sasa anajifunza nyingine iitwayo Rust, kwa kuwa siku hizi vivinjari vinapokea na programu za lugha nyingine. Nilishtuka, dada. Mtu anayeitupa lugha iliyomlisha, mke atashindwa kumtupa?

Sadalla jirani naye akachochea, eti kompyuta sasa zinajiandikia programu zenyewe. Basi nikaingia kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni, nikajiita Mwenye Binti, nikamweleza yote fundi mmoja anayesifiwa, naye kaficha jina.

Akanijibu kwa adabu kwamba JavaScript haifi leo, kurasa nyingi mno zinaitegemea. Hizo nyingine zinakuja kuisaidia kazi nzito. Kijana hatupi, anaongeza. Na kompyuta ikiandika, lazima awepo wa kuikagua. Nikampenda fundi huyo, nikamshuku pia, huenda kahongwa. Nikamuuliza kama yeye angemwoza bintiye.

Akaandika: Baba, njoo chumba cha uani.

Kumbe fundi ni Nihal! Mimi nikidhani kompyuta yake ni ya kutazamia mishono. Nilimkuta analia. Akasema nimeuliza Mabawa nzima, nimeuliza hata nisiyemjua sura, yeye sikumuuliza. Nikaona haya, nikamuuliza.

Hamtaki, dada. Kazi ya Muhanad ina kesho, kasema, ila kijana keshamwambia akiolewa yeye aiache kazi yake.

Waambie wazee wake tumeshukuru, wasitusubiri. Kumshuku nilipatia, ila nilishuku pasipo penyewe.

Nisalimie shemeji na watoto. Nihal anakuamkia, yuko uani, anafanya kazi.

Mdogo wako,
Rahimu