Azalea ya Mama

4 Aprili

Dada mpenzi,

Hujambo? Cherehani nazo hazijambo? Sisi huku wazima. Magoti ya Mama yamepata nafuu tangu ahamie kwangu na kuacha kupanda ngazi zako, na amenenepa, ingawa anasema ni maneno ya majirani.

Nina habari. Azalea yake, ule mti wake wa maua, ilichanua mpaka majani hayakuonekana. Jana maua yalipoanza kunyauka akaniita barazani, akanikabidhi mkasi wake mdogo. Mimi, ambaye hata kitunguu hukisahau kikaniotea jikoni! Anasema macho yake hayaoni tena vikonyo, basi nijifunze mimi kuulea huu mti wa bonsai, mti mzima unaoishi kwenye chungu kifupi kama sinia. Tumechuma maua makavu pamoja. Matawi hukatwa sasa hivi, maua yakiisha, kabla mti haujafunga vitumba vya mwakani.

Taabu ni moja. Alisema sehemu moja ya mti ikatwe sana na nyingine ihurumiwe. Mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, na akili iko kazini kwangu, kwa daktari wa meno. Ni juu au chini? Kumuuliza tena naogopa, unamjua. Nambie wewe uliyeishi nao miaka yote.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba

11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mimi sijambo. Anayekula peke yake hana wa kumlalamikia.

Kwa hiyo umepewa mkasi. Hongera. Mimi ninayekata nguo za maarusi, kitambaa ambacho ukikosea umekinunua, mkasi wa Mama sikuwahi kuushika hata kuufuta vumbi. Kazi yangu ilikuwa maji. Kinga maji ya mvua, maana ya bomba yana chokaa na azalea haiyataki. Panda nayo ngazini. Gusa udongo kwa kidole, mwagilia polepole, rudi jioni gusa tena. Nilikuwa mtumishi wa maua. Wewe Mama hajamaliza hata kufungua masanduku yake kwako, umeshaletewa mkasi barazani. Aliyesema mgaagaa na upwa hali wali mkavu hakumjua mama yetu.

Nina wivu. Nasema waziwazi, usije ukaniuliza nina nini.

Umeuliza juu au chini. Mti ni mti. Kata juu bila huruma, chini uhurumie.

Msalimie Mama, kama ataniuliza.

Dada yako

16 Mei

Mdogo wangu,

Hali gani? Mama je? Barua yangu uliipata? Umenyamaza kama uliyemeza sindano. Kama hujakata, subiri kwanza, kuna neno sikulisema. Nijibu hata mstari mmoja.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Sisi wazima wa mwili. Natumaini nawe pia.

Nilikata siku ileile barua yako ya kwanza ilipofika. Mama alikuwa amelala. Alipoamka akaupapasa mti kama afanyavyo kila jioni, kuanzia shinani akipanda, na mkono ulipofika juu ukakuta hewa. Akaketi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba azalea si kama miti mingine. Nguvu zake ziko chini. Matawi ya chini hunyonya kila kitu na juu pakabaki padhaifu, ndiyo maana chini hukatwa na juu huhurumiwa. Kichwa kikishaondoka, kukirudisha ni miaka. "Mimi sitakiona," akasema. Kisha akauliza, "Nani kakwambia ukate juu?"

Dada, jina lako lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa tamu. Unadhani una wivu peke yako? Mkasi nilipewa, lakini birika sijaruhusiwa kuligusa mpaka leo. Mama anamwagilia mwenyewe na mikono inatetemeka, nusu ya maji inaishia sakafuni. Nikitaka kumsaidia ananiambia, "Acha! Kukata nitamfundisha hata mpita njia. Mizizi ya huu ni myembamba kama nywele, ukiikausha siku moja tu basi tena. Maji nilimwamini dada yako." Asubuhi dada yako, jioni dada yako. Nimekuchoka, na hata hupo.

Lakini nilimtazama pale alipoketi, mkono bado uko mtini. Mti ulikuwa umeshaharibika, nikaona nisimharibie na mwanawe. Nikasema nilijiamulia mwenyewe. Akanichapa kofi la mkononi kama mtoto, mkasi akauchukua. Hajanirudishia.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Nilijua. Niliandika ukate juu huku nikijua, na bahasha nikaifunga haraka moyo usije ukabadilika. Ulipobadilika ulikuwa umechelewa. Wiki zote hizi nashona nguo za watu na kuzifumua.

Miaka yote ile ya ndoo na ngazi sikujua nimepewa nini. Nimelia hadi hariri ya mteja imeingia madoa, na mteja mwenyewe ni mkali.

Na wewe ukanisitiri. Wewe, uliyekuwa ukinisemea kwa Mama hata nikikohoa! Sasa hata kwa wema umenishinda, na hilo nalo linaniuma, nisikudanganye.

Ijumaa nafunga duka, mchana nitakuwa mlangoni kwenu. Nitamwambia Mama mwenyewe, kabla sijavua viatu. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Lakini usinitangulie kumwambia. Umeshachukua mengi, hilo niachie mimi.

Dada yako