Doti ya Kanga Juu ya Mkeka

Goba Kulangwa,
Dar es Salaam.
22 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Asumini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza makelele. Ile dawa ya kuchua niliyompa Venance wa basi akuletee ilifika, au aliishia kujichua mwenyewe? Na mikorosho je, salfa ya kupulizia mmepata mapema mwaka huu? Sisi huku Goba hatujambo. Watoto wanakua, viatu ndiyo havikui. Baridi ya Juni imetuingia hapa mlimani, naandika nimejitanda vitenge viwili.

Ningeweza kukupigia, lakini ninayotaka kukuambia ni marefu, na kwenye simu hukawii kunikatiza. Leo utanisikiliza mpaka mwisho!

Unakumbuka Januari niliacha kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi kule Kawe, baada ya miaka tisa, ili niwe kocha wa maisha. Uliponiuliza nafundisha timu gani, mume wangu Talha alicheka mpaka akaenda kukaa nje. Kazi yenyewe ni hii: mtu jambo limemkwama, anakuja, namuuliza maswali mpaka aone mwenyewe pa kuanzia, kisha namfuatilia wiki hadi wiki mpaka alitekeleze. Mimi na Talha tulikubaliana kwamba Juni ikiisha sijapata hata mteja mmoja wa kulipa, narudi kaunta. Tajiri wangu naye alisema kiti ananitunzia mpaka tarehe moja Julai, si zaidi. Shangazi, kile kiti nilikuwa nakiota, na hazikuwa ndoto nzuri.

Kwenye kozi ya ukocha tulifundishwa kwamba kikao cha kwanza kiwe bure, mtu aonje, akinogewa atalipia vinavyofuata. Nikatii. Wakaja! Nikawapokea barazani, na kwa jinsi ulivyonilea, ningemkalisha vipi mtu barazani kwangu bila chai? Nikachemsha chai ya tangawizi, nikaweka na vitumbua. Hapo ndipo nilipojiharibia. Mtu akishakula vitumbua vyako amekuwa mgeni wako, na utaanzaje kumwambia mgeni kwamba safari ijayo aje na pesa? Mzee Stephano, karani mstaafu wa mtaa wa pili, alikuja mara sita kunieleza ugomvi wake na jirani, na mara ya sita akanipa na ushauri kuhusu iliki. Miezi mitano, watu thelathini na mmoja, mlipaji hakuna.

Kati yao alikuwamo Noela, mwalimu wa shule ya msingi hapa jirani. Ameniruhusu nikuandikie habari zake. Miaka mitatu anataka kufungua chekechea yake mwenyewe. Alikuja bure mara nne. Analia, anapangusa macho, anasema moyo umekuwa mwepesi, anaondoka, na chekechea haijasogea hata hatua. Nikaamua kwamba kuanzia Juni, kuulizana shida kwenye simu dakika kumi ni bure, lakini kikao cha kwanza ni elfu kumi na tano, na inalipwa kabla hatujakaa. Nikamwambia. Akasimama, kitumbua mkononi.

"Heh! Dada Zubeda, na wewe siku hizi unataka pesa ya ubani kama mganga? Basi mie nabaki na shida zangu."

Akaenda zake, nikalia, sikufichi. Jioni nilimkuta Talha anaipiga pasi sare yangu ya dukani.

Lakini lile neno la ubani lilinikaa kichwani, nikakukumbuka wewe. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakubebea mkeka unapokwenda kufunda maharusi. Hukuwahi kufungua kinywa kabla mama mtu hajaweka doti ya kanga juu ya mkeka mbele yako, mpya, haijakatwa. Siku moja mama mmoja wa Mingoyo akaomba uanze tu, kanga itafuata. Ukakunja mkeka wako, ukamwambia kuwa ukimfunda mwanawe bure atapiga miayo mwanzo mwisho. Mimi siku zote nilidhani unapenda kanga! Kumbe ilikuwa ya kumfanya bi harusi akae sawasawa.

Nikaacha kulia. Nikahamisha viti kutoka barazani hadi kile chumba cha uani Talha alichokuwa anawekea vioo vyake vya kazi ya madirisha. Meza, viti viwili, jagi la maji. Vitumbua marufuku.

Jumanne iliyopita hodi! Noela, shida zake zimemchosha, kaja dakika kumi kabla ya saa aliyoiomba mwenyewe kwa simu, elfu kumi na tano ndani ya bahasha, daftari kwapani. Hakulia hata kidogo. Akasema jambo ambalo mara zote nne za vitumbua hakuligusa: chumba anacho, kibali anajua pa kuombea, ila anamwogopa dada yake mkubwa mwenye chekechea kule Temeke, asije akaona ameibiwa wazo. Miaka mitatu, Shangazi, na kilichozuia ni mazungumzo na mtu mmoja! Tukapanga ataanzaje, akaandika. Ijumaa akaenda Temeke. Dada mtu alimgombeza kweli, lakini kwa kuchelewa, maana amemwekea meza kumi na mbili za watoto stoo tangu mwaka juzi.

Jana Noela kalipia vikao vitano vya mbele, na leo asubuhi wawili wamepiga simu kwa sababu yake. Nimepiga vigelegele peke yangu mpaka jirani akauliza nani anaolewa! Tajiri nimemwambia kiti ampe mwingine. Sare ile Talha kaichana, anafutia vioo.

Nisalimie Baba Mdogo Mashaka na watoto wake wote, na Bi Adelina wa nyumba ya pili, mwambie picha alizoniomba nitazileta.

Sasa hilo furushi alilokukabidhi Venance pamoja na barua hii. Bahasha ya kwanza ya Noela sikuila, nilishuka nayo Kariakoo. Nilipoolewa, mimi peke yangu ulinifunda bila kitu juu ya mkeka, kwa sababu ni mtoto wa kaka yako. Na siku zote mbili za kunifunda, Shangazi, nilikuwa nachati kwa simu chini ya ushungi, na miayo nilipiga. Uliniona, ukanyamaza. Miaka kumi na miwili najifanya nakumbuka uliyonifundisha, na kumbe siyajui hata nusu. Nisamehe.

Kanga yako hiyo, haijakatwa. Desemba shule zikifungwa tunakuja. Iweke juu ya mkeka, uanze upya tangu neno la kwanza. Simu nitamwachia Talha.

Mwenyezi Mungu akupe umri na goti la kukalia mkekani.

Mimi mwanao nikupendaye,
Zubeda