Ukucha kwenye ndoo yangu

Shoga, nakuandikia huku kinyaa kimenikaba.

Ile boneti ya gari niliyoaminiwa hapa gereji niipige msasa peke yangu imejaa mikwaruzo! Fundi mkubwa akanibwatukia mbele ya bosi, "Si nilisema? Huyu arudi kufagia!"

Nikachungulia ndoo ya maji ninayochovyea msasa. Chini mchanga, ndio uliokwaruza rangi. Na ukucha. Ukucha wa mguu, shoga, mnene, wa njano!

Yaani mtu kaoshea miguu humo. Miguu!

Nikauweka juu ya boneti. Bosi akautazama, kisha akaitazama miguu ya fundi. Ilikuwa inang'aa kuliko gari.

"Rudia wewe hiyo boneti," akamwambia, "na ndoo ya dada usiiguse."

Mimi nimenawa mpaka sabuni imekwisha. Bado nauhisi ule ukucha vidoleni.