Betri Mbili

3 Juni

Kwako binti yangu, Kasuku wa redioni,

Hujambo? Kazi haijambo? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma kama imetumwa. Mama yako analalamikia magoti. Mimi silalamiki, unanijua.

Kila saa nane mchana mtaa mzima unakusikiliza: maji hayatoki, taa za barabarani zimekufa, watoto wanatetemeka madarasani. Nikipita kwa kinyozi nasema, "Hilo koo ni langu, nimemwazima tu." Lakini Jumanne uliniaibisha. Yule nesi uliyemwalika kipindini alikataza watu kuingiza jiko la mkaa chumbani. Nikapiga simu kumfundisha. Miaka thelathini na moja nimelisha boila la kiwanda cha sabuni, moto ulikuwa unaniamkia shikamoo! Sijafika popote, ukanikata: "Asante, mzee wetu, muda umekwisha." Mzee wetu! Mimi niliyekuzaa! Kinyozi alicheka nusura amkate mteja sikio.

Basi nimetoa betri redioni. Zote mbili zimo mfukoni mwa koti langu. Zitarudi siku utakayoniomba radhi hewani.

Baba yako,
Fundi Moto

9 Juni

Shikamoo baba,

Natumai hamjambo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Barua yako niliisoma nikicheka, kisha nikaacha kucheka.

Nilikujua kabla hujamaliza kusema halo. Nilikukata kwa sababu watu walikuwa wanakusikiliza, na wangekuamini.

Baba, boila lenu lilikuwa na bomba la moshi refu kuliko nyumba zote za mtaa. Chumba chenu kina nini? Hewa ya mkaa haina harufu, mtu analala tu, basi. Wiki hii tumetangaza vifo vinne. Jiko liacheni nje.

Na mrudishie mama betri. Nikifungua kipindi nasema, "Wa nyumbani, hamjambo?" Wasikilizaji wanadhani nawasalimu wao. Namsalimu yeye.

Kuomba radhi kwa hilo siwezi, baba yangu. Tarehe ishirini nakuja.

Mwanao,
Kasuku

13 Juni

Kwako binti mkaidi (ukaidi umeutoa kwa mama yako),

Hujambo? Sisi wazima kabisa. Nimeziba dirisha kwa matambara, kazi safi, hata sisimizi hapiti. Jiko liko miguuni pa kitanda. Mama yako kasema magoti yamenyamaza. Sasa nani hajui moto?

Saa nane ikifika anakaa mbele ya redio bubu, anaifuta vumbi. "Mwache mtoto aseme," ananiambia. Namjibu, nenda kalale, kuna joto. Anakwenda. Usingizi unamfaa kuliko kelele zako.

Ukija, uje na radhi yangu.

Baba yako,
Fundi Moto

11 Julai

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Uzima nimebaki nao peke yangu.

Ulisema tarehe ishirini, ukaja kumi na saba, kwa maziko. Ulichomoa matambara dirishani, moja moja, ukayakunja, ukaniwekea mapajani. Ukaondoka.

Nikuambie ambacho hukuuliza. Ilikuwa saa nane. Nilikuwa kibarazani namsimulia kinyozi jinsi nilivyoishinda redio. Mama yako akaja, akanyoosha mkono, anataka betri. Nikajipigapiga mfuko, zikagongana, nikacheka. Akacheka na yeye. Akaenda kulala. Saa kumi nilimpelekea chai. Chumba kilikuwa na joto zuri.

Betri nilizirudisha siku ileile. Kipindi kiliendeshwa na mtu mwingine, wiki tatu. Jana ulirudi. Ulianza na habari moja kwa moja. Wa nyumbani hukuwauliza hali. Nikapiga simu. Nikasema, mimi ndiye yule mzee wa boila, nilikosea, jiko msiingize ndani, mke wangu alikuwa amelala. Sikusema wewe ni nani wangu. Nikangoja.

Safari hii hukunikata. Kisha ukasema, "Asante, mzee wetu."

Ikafuata hali ya hewa. Baridi itaendelea.

Baba yako